Baada ya Kuvua Magwanda: Migomba, Presha na Kumbukumbu za Kagera

Askari aliyekwenda vita ya Kagera mwaka 1978 akiwa kijana wa miaka 18 leo ni mzee. Wengi wetu tulirudi vijijini, wengine hapa hapa mkoani Kagera, na tumeishi kwa pensheni, kibanja cha migomba na kuku wachache. Haya ninayoandika yametokana na maisha hayo, yangu na ya wenzangu wa rika moja. Ninawalenga walio karibu kupata barua ya kustaafu, pamoja na wake zao na watoto wao, kwa sababu mzigo wa mstaafu haubebwi na yeye peke yake.

Jambo linalowaangusha wastaafu wa jeshi kuliko yote ni kupanga mradi kwa nguvu za zamani. Mtu aliyezoea mchakamchaka wa alfajiri huamini kwamba mwili utatii tu. Analima ekari tatu kwa jembe la mkono, anabeba mikungu mwenyewe, maumivu ya magoti anayanyamazisha kwa diklofenaki, na presha inapanda bila yeye kujua. Siku akianguka, shamba linageuka pori kwa sababu lilimtegemea yeye tu. Kwa hiyo pima mwili kwanza, ndipo upime shamba. Mengine yote hapa chini yanatokana na hilo.

Makaratasi na fedha ya mkupuo

Kinachosimamisha pensheni mara nyingi ni jina. Jeshini uliandikishwa kwa herufi hizi, kitambulisho cha taifa kimeandikwa kwa zile, na akaunti ya benki ina majina mawili badala ya matatu. Yaweke yote mezani, linganisha herufi kwa herufi, na penye tofauti ukaape kiapo cha majina mapema, ungali na nguvu za kusafiri. Kwenye uhakiki wa wastaafu nenda siku za mwanzo. Barua ya kustaafu, namba ya utumishi, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na wosia vikae katika bahasha moja, na mke ajue ilipo. Mjane asiyejua namba ya utumishi ya marehemu huanza safari ndefu ya ofisi hadi ofisi akiwa bado na msiba. Na yeyote anayekupigia simu akijiita mtu wa Hazina, akitaka umtumie pesa ili mafao yako yashughulikiwe, ni tapeli. Kata simu.

Fedha ya mkupuo ikishaingia, tenga kwanza gharama za mwaka mzima: chakula, dawa, vibarua. Sababu ni ya kimahesabu. Mgomba uliopandwa leo hautoi mkungu wa kwanza kabla ya miezi 12, na wengine huchukua hadi 18. Kuku wa kienyeji hatagi kabla ya miezi mitano au sita. Aliyemaliza fedha yote kwenye tofali na bati atalazimika kukopa akisubiri mgomba uzae, na mkopo huo ndio utakaokula mikungu ya kwanza.

Kibanja

Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, ekari moja huingia mashina kama 450. Shimo la migomba ni sentimita 60 upana, urefu na kina, na udongo unaotoka humo hupita robo tani. Zidisha mara 450 uone kama hiyo ni kazi ya mtu wa miaka sitini. Mashina 50 au 60 karibu na nyumba, yakitunzwa barabara, hulisha familia na kubakiza mikungu ya kuuza. Ukitaka zaidi, ongeza mashina 20 kila msimu wa mvua, na mashimo wachimbe vijana kwa malipo ya shimo. Ukilipa kwa siku utatumia muda wako wote kusimamia.

Wakati wa kuchimba, udongo wa juu wenye rangi nyeusi uwekwe upande mmoja, ule mwekundu wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza vizuri, rudisha shimoni, ule wa chini ubaki juu. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi. Iache ioze miezi mitatu chini ya majani. Chagua chipukizi lenye majani membamba yaliyochongoka, kwa kuwa lile lenye majani mapana mapema huwa na tunguu (shina nene la chini ya ardhi lenye mizizi) dhaifu. Parua mizizi yote na ganda la nje la tunguu mpaka ubaki weupe. Ukiona vijia vyeusi vya fukusi, mdudu anayetoboa tunguu, chonga vitoke. Vikiwa vingi, tupa. Kisha tumbukiza tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu. Hiyo huua mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi, na haigharimu zaidi ya kuni na sufuria kubwa. Ukizidisha muda utapika chipukizi lenyewe.

Kwenye kila shina acha migomba mitatu: mama aliyebeba, mtoto anayefuata na mjukuu mdogo. Mengine yote toa. Mwenye huruma akaacha mingi hupata mikungu midogo isiyo na mnunuzi. Matandazo ya nyasi yawe unene wa sentimita 10, lakini yakae mbali kidogo na shina, vinginevyo fukusi hupata makazi na mizizi hupanda juu ya ardhi, mgomba unaanguka kwa upepo. Matandazo yana faida nyingine kubwa kwa mzee: yanapunguza palizi, na palizi ndiyo inayoua mgongo.

Mnyauko wa bakteria ndio adui mkubwa. Uliingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 kutoka upande wa Uganda na ukafuta vibanja vizima. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka ute wa manjano. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na binadamu huubeba kwa panga. Kinga yake inawezekana kabisa kwa mzee. Chane ya mwisho ikishajitokeza, lile ua dume la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu livunjwe kwa mti mrefu wenye panda, kwa kulizungusha. Usitumie panga. Kwa mti huo hakuna haja ya kupanda ngazi wala kuinua mikono juu kwa muda mrefu, jambo ambalo mtu wa presha hulipa kwa kizunguzungu. Panga lipitishwe kwenye moto mpaka liwe la moto hasa, au litumbukizwe kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu tano, kila unapohama shina moja kwenda jingine. Kisha lisuuze, kwani jiki hula chuma. Mgomba mgonjwa ukatwe usawa wa ardhi siku hiyo hiyo, ubaki hapo hapo, na mbuzi wasiingie. Usipokee mbegu ya zawadi kutoka kibanja usichokijua, hata ikiwa ya ndugu.

Mkungu wa kilo 25 au 30 usiushushe peke yako. Mmoja akate shina katikati kwa kiasi tu, liiname polepole, mwingine apokee. Maji bebeni kwa madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, badala ya dumu moja la 20 linalokuvuta upande, na penye njia nzuri tumia toroli. Jembe liwe na mpini mrefu unaokufikia kifuani. Kazi ianze saa moja asubuhi na iishe saa nne. Kiporo cha kazi hakimuui mtu, kufanya kazi saa saba mchana ukiwa na presha kunaweza.

Kuku nitawapitia haraka, kwa sababu wengi wanaufahamu ufugaji ila hawapigi hesabu. Kuku mmoja mkubwa hula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 100 ni kilo 12, maana yake mfuko wa kilo 50 unaisha ndani ya siku nne na kidogo. Chakula peke yake hufikia theluthi mbili ya gharama zote. Asiye na uwezo wa kununua mifuko saba au nane kwa mwezi asianze na kuku 100. Aanze na 20 wanaojitafutia nusu ya chakula. Banda: kuku watano kwa mita moja ya mraba. Kideri kinamaliza banda kwa wiki moja na hakina tiba, ni chanjo tu. Ile ya I-2 inayotengenezwa Kibaha haiharibiki haraka kwa joto, na ndiyo inayofaa vijijini: tone moja kwenye jicho moja, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote wa jirani kwa siku moja ikiwezekana. Chanja jioni wakiwa wamelala, mtu akushikie, nawe ukae kwenye kiti. Kukimbiza kuku uwanjani ndiko kunakovunja nyonga za wazee.

Magoti na dawa ya dukani

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu nimewazika wenzangu kwa jambo hili.

Goti la askari limebeba mzigo, limeruka kutoka kwenye magari na limekaa kwenye mahandaki yenye maji. Uzeeni gegedu limelika, goti linauma ukiamka, linalegea baada ya kutembea kidogo, linauma tena jioni. Mzee anakwenda duka la dawa, anapewa diklofenaki au ibuprofeni, na kweli maumivu yanapoa. Anarudi kesho yake, na wiki ijayo, na mwaka ujao.

Dawa hizo hufanya figo kubakiza chumvi na maji, na presha inapanda. Zinapunguza nguvu ya dawa za presha, kwa hiyo mgonjwa anaonekana kwa daktari kama vile dawa zimeshindwa, anaongezewa nyingine. Zinachubua tumbo, na kidonda cha tumbo kwa mzee kinaweza kutoka damu bila maumivu yoyote. Dalili ni choo cheusi chenye kunata. Kibaya zaidi ni kuzichanganya na dawa za presha kama lisinoprili au losartani pamoja na dawa ya kukojoza. Dawa tatu hizo kwa pamoja zinaweza kuzimisha figo, hasa siku ya jua kali ambapo mtu amelima bila kunywa maji. Kila unapokwenda hospitali, beba vidonge vyote unavyokula, pamoja na vile vya dukani na vya mitishamba, uvimwage mezani mbele ya daktari. Usivitaje kwa kukumbuka.

Badala yake: parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, na kwa mzee jumla isizidi vidonge sita kwa siku. Diklofenaki ya kupaka juu ya goti huingia mwilini kidogo sana kuliko ya kumeza. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma, hapo ndipo inapolipunguzia goti mzigo. Wengi huishika upande wa goti bovu, na haisaidii. Uzito ndio tiba iliyo nafuu kuliko zote: kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua. Na fanya zoezi hili, tunaloweza wote: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, ushikilie kwa hesabu ya tano, ushushe taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ukiwa imara goti hutulia, lakini inachukua wiki sita hadi nane kuona tofauti. Wengi huacha wiki ya pili.

Presha, sukari na tezi

Presha haiumi. Kichwa kuuma si kipimo. Kipimo ni mashine, na mashine hudanganya ikitumiwa vibaya. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Kojoa kwanza. Usiwe umekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja au mbili katikati, andika zote mbili kwenye daftari pamoja na tarehe na saa. Hospitalini 140/90 na zaidi, ikijirudia, ni presha. Nyumbani mpaka ni 135/85. Daftari la wiki mbili linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha siku uliyofika kliniki ukiwa umetembea juani.

Kila dawa ina tabia yake. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Lisinoprili na kaptopili zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na watu hutibiwa mafua miezi kadhaa kumbe ni dawa. Dawa ya kukojoza inywe asubuhi, ukiinywa jioni utalala chooni. Ukiona lolote kati ya hayo rudi ubadilishiwe. Usiache mwenyewe, maana dawa ikiachwa ghafla presha inaweza kurudi na kiharusi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku kwa mtu, pamoja na iliyomo ndani ya dagaa wakavu na viungo vya pakiti. Ukiamka, keti ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi katika vipimo viwili vya siku tofauti, ni kisukari. Mtu wa Kagera akiambiwa hivyo hudhani amekatazwa ndizi, akakata tamaa. Hakukatazwa. Sahani igawanywe: nusu mboga za majani, robo maharage au samaki, robo ndizi. Tatizo letu ni sahani yenye ndizi pande zote na mboga pembeni. Miguu ikaguliwe kila jioni, pamoja na nyayo na katikati ya vidole, kwa sababu kisukari huua hisia na mtu anaweza kutembea na mwiba siku mbili bila kujua. Ingiza mkono ndani ya buti la mvua kabla ya kulivaa. Anayetumia insulini au kidonge cha kisukari cha glibenklamidi abebe sukari mfukoni aendapo shambani. Ukitetemeka, ukatoka jasho jembamba na akili ikavurugika, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, unywe, kaa chini, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula. Wanaofanya kazi nawe wafahamu hili, kwani wakati huo wewe mwenyewe unaweza kuwa mkali na kukataa msaada.

Kuamka usiku mara kwa mara kukojoa, mkojo kutoka kidogo kidogo, kusubiri chooni: hiyo ni tezi dume mpaka daktari aseme vinginevyo. Kwa wanajeshi aibu ya kupimwa imeua wengi. Mkojo ukikataa kabisa kutoka, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri asubuhi. Na dirisha la wazee hospitalini litumieni. Mzee wa miaka 60 asiyejiweza ana haki ya matibabu bila malipo kwa sera ya nchi. Kitambulisho chake kinaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Masikio

Gari la BM-21 la kurushia roketi lina mirija 40, na Waganda waliyapa mabomu yake jina la Saba Saba. Tuliokaa karibu nayo, na karibu na mizinga, hakuna aliyevaa kinga ya masikio. Chembe ndogo za sikio la ndani zikifa kwa mshindo hazioti tena. Zinaanza kufa zile za sauti nyembamba, ndiyo sababu mzee anasikia kwamba unaongea lakini hapambanui "saba" na "shaba". Anajibu sivyo, familia inadhani ana ujeuri au akili imepungua. Baadaye anaacha kukaa barazani.

Anza na jambo rahisi: nta. Daktari achungulie, kwani nta peke yake inaweza kupunguza sana usikivu. Usiichokoe kwa njiti ya kiberiti. Kisha omba kipimo cha usikivu kwenye hospitali ya rufaa. Ukipewa kifaa cha kusikia, jua kwamba betri zake ndogo huanza kuisha mara tu unapobandua karatasi, hata usipokitumia. Bandua siku unayoihitaji, iache wazi dakika moja ipate hewa, ndipo uifunge. Usiku fungua mlango wa betri, kifaa kikae kwenye kopo kavu, kwani unyevu wa masika yetu hukiharibu. Wiki za kwanza kila sauti itakuudhi, sahani, jogoo, mvua juu ya bati. Kivae saa mbili kwa siku, uongeze polepole. Familia iongee ikimtazama usoni, kwa kasi ya kawaida. Kupiga kelele hupotosha maneno zaidi.

Usiku

Kuna wenzetu ambao vita haikuwatoka. Tairi likipasuka wanajirusha chini. Fataki za mwaka mpya, harufu ya dizeli, hata kinamasi cha mafunjo kando ya barabara kinaweza kumrudisha mtu Lukaya, kule Uganda tulikopigana. Wanaamka wakipiga, wakiwa wamelowa jasho. Kijijini watasema ni majini au kwamba amelaaniwa kwa damu aliyomwaga. Ni kiwewe cha vita, ni ugonjwa unaotibika, na unaweza kujitokeza miaka mingi baadaye, hasa mtu anapostaafu na kukosa kazi ya kumshughulisha.

Mke asimtikise anayeota. Asimame mbali kidogo, miguuni, amwite kwa jina na kumwambia alipo: "Baba fulani, uko nyumbani, ni usiku, mimi hapa." Awashe taa. Panga na mkuki visikae chini ya kitanda. Mwenyewe akishaamka aweke nyayo zote mbili sakafuni, ataje vitu vitano anavyoviona, avute pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara kumi. Pombe hukulaza haraka lakini huuvunja usingizi saa nane usiku na kuzidisha ndoto hizo. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, ya jioni kwa mtu wa namna hii ni kuni juu ya moto. Hali ikizidi mwezi, au akianza kusema hana sababu ya kuishi, kliniki ya afya ya akili ipo katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na zipo dawa na mazungumzo yanayosaidia. Mwelezeni daktari kwamba ni askari aliyekuwa vitani. Asipoambiwa hatauliza.

Kuhifadhi kumbukumbu

Kusimulia kwa mpangilio kumewasaidia wengi wetu kulala, na kunawaachia watoto kitu cha kweli. Tunazidi kupungua, na wanamgambo waliotoka moja kwa moja mashambani kwenda mstari wa mbele hawana hata majina yao kwenye vitabu.

Kumbukumbu ya mzee hushika picha, haishiki mfuatano. Kwa hiyo mwulizaji awe na tarehe za kumwegemeza: uvamizi wa mwisho wa Oktoba 1978, hotuba ya Mwalimu ya uwezo, sababu na nia (2 Novemba), daraja la Kyaka kubomolewa (3 Novemba), kutekwa kwa Mutukula (Januari 1979) na Masaka (24 Februari), mapigano ya Lukaya (10 na 11 Machi), kutekwa kwa Entebbe (7 Aprili) na Kampala (11 Aprili), kufika mpaka wa Sudan (3 Juni). Wengine walibaki Uganda hadi 1981. Usiulize "vita ilikuwaje". Uliza: Kampala ilipotekwa ulikuwa wapi, ulikula nini siku hiyo, buti zako zilikuwaje, jirani yako handakini alitoka wilaya gani?

Msishtuke masimulizi yakipishana. Aliyekuwa Brigedi ya 201 ataeleza Lukaya kama kushambuliwa usiku barabarani, kinamasi pande zote, watu wakatawanyika. Aliyekuwa 208 ataeleza kuzunguka na kuwapiga ubavuni kesho yake, Walibya wakiwemo. Wote wawili wanasema kweli, na yaandikwe yote bila kusahihishana.

Rekodi kwa simu, asubuhi, nusu saa tu kwa mara moja. Weka simu katika hali ya ndege ili isiingie simu ya mtu. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza tupu, mtetemo huharibu sauti, na iwe karibu na mdomo wa msimuliaji kwa umbali wa mkono mmoja. Mwanzoni mtaje jina, kikosi, mahali na tarehe. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akilia, zima, mpe maji, na siku hiyo iishie hapo. Aamue mwenyewe kama mtaendelea. Lipo ambalo mtu hataki wajukuu walisikie, na ana haki hiyo.

Picha za zamani zitolewe kwenye albamu za plastiki zenye gundi, kwa kuwa gundi inazila. Ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, na nyuma yake majina yaandikwe kwa penseli laini, tangu kushoto kwenda kulia, maana wino hupenya upande wa pili. Nishani zifutwe kwa kitambaa kikavu tu. Dawa ya kung'arisha shaba hula maandishi na kuchafua utepe. Orodha ya wenzako waliolala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, kule Muleba, iandike ungali unayakumbuka majina na vijiji vyao, hata kama herufi huna uhakika nazo. Wapo wajukuu wanaokwenda pale kila 25 Julai wakitafuta jina bila kujua babu yao alikuwa kikosi gani. Rekodi na orodha hiyo viwe na nakala tatu: moja kwenye simu yako, moja kwa mtoto anayeishi mji mwingine, na moja kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya ile bahasha ya makaratasi ya pensheni.